Mlio wa nyuki kwenye marimba si kasoro

Mhariri,

Wanaohamia Dar es Salaam huonywa mapema kuhusu joto na foleni. Wachache huambiwa kwamba kando ya soko au kituo cha daladala wanaweza kukuta muziki unaopigwa papo hapo kwa ala za asili. Sisi mafundi wa ala tunaomba nafasi kidogo.

Ukikuta marimba ya Wagogo wa Dodoma, ile ambayo mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose (aliyefariki 2003) aliifikisha majukwaa ya ng'ambo, sogea karibu. Ni sanduku la mbao lenye vijiti bapa vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ule mvumo kama wa nyuki umewekwa makusudi: sanduku lina tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, nao hutetema. Utando ukichanika, mlio hubaki mkavu. Kijiti kikisukumwa ndani, sehemu inayocheza hufupika na sauti hupanda; kikivutwa nje, hushuka. Basi mpigaji akianza kwa kugongagonga vijiti, msimkimbie. Anarekebisha vilivyosogea kwenye msukosuko wa daladala.

Kinachotuudhi zaidi ni maikrofoni kubandikwa juu ya tundu lenyewe. Spika ndogo hukoroma, na msikilizaji hudhani marimba ni mbovu. Maikrofoni iwekwe pembeni, shubiri moja hivi kutoka kwenye tundu.

Mkitaka kupiga video, ombeni kwanza, mtoe angalau sarafu ya 500. Na msizibe njia: mgambo wakija, anayefukuzwa ni mpigaji, si ninyi.

Mafundi wa ala za asili,
Dar es Salaam