Hiyo "Banksy orijino" yenu ina cheti gani?

Mhariri, salaam.

Msomaji wenu mmoja aliandika wiki jana ati wazungu wamerukwa na akili, wanatoa mamilioni kununua karatasi inayowatukana wenyewe. Mimi kazi yangu ni kuchapa, niko Nasser Road, na nataka kumjibu, maana hao wazungu siwaoni wajinga kihivyo, wanaoliwa ni sisi hapa Kampala.

Karatasi anayoisema ni ya Banksy, yule msanii wa ukutani wa Uingereza anayeficha sura. Amechora chumba cha mnada, watu wamejaa, dalali yuko mbele anapandisha bei, na ndani ya fremu inayouzwa hamna picha, kuna maandishi tu, ati siamini nyie mapunguani mnanunua kweli uchafu huu. Mnada wenyewe alioutania ni wa Christie's London, 1987, siku ile picha ya maua ya mchoraji Van Gogh ilipovunja rekodi ya bei. Nyingine ina watu wa zama za mawe wako nyikani na silaha mkononi, wananyatia toroli za supamaketi. Ile inayonichekesha zaidi ni ya 2008, watoto wameweka mkono kifuani wanaapa mbele ya bendera, na bendera yenyewe ni mfuko wa plastiki wa Tesco, supamaketi ya Uingereza, yaani kaveera bwana, kaveera imepanda mlingoti! Pita kwenye mall zetu wiki ya Black Friday halafu uniambie kama ametudanganya.

Sasa bei inatoka wapi? Haitoki kwa matusi, inatoka kwa hesabu. Ile picha yake ya msichana na puto ya 2004 zilichapwa 150 zenye sahihi na 600 zisizo na sahihi, basi, hakuna kuongeza hata ulie. Za mnada vilevile zina namba, na 2021 jamaa wa kripto, zile sarafu za mtandaoni, walinunua moja, ya 325 kati ya 500, kwa dola 95,000, wakaipiga kiberiti mbele ya kamera halafu wakauza faili lake kwa intaneti karibu dola 380,000. Huo kwangu ni wendawazimu mtupu, lakini ona, hata wendawazimu ulihitaji namba.

Halafu kuna cheti. Banksy ana ofisi yake inaitwa Pest Control, hiyo peke yake ndiyo inasema hii ni yake na hii siyo. Kwenye cheti wanabana nusu ya noti bandia ya pauni kumi, ile aliyoitengeneza mwenyewe akaweka sura ya Diana pahali pa malkia, imechanwa, nusu nyingine wamebaki nayo wao. Ukitaka kuhakikisha, nusu mbili zinakutanishwa. Sisi wa Nasser Road tunaosingiziwa kila stempu feki ya nchi hii tunavua kofia.

Ndiyo maana niliudhika mteja aliponiletea fremu aliyouziwa na duka moja hapa mjini, kaambiwa ni orijino, ati ni investimenti, weka miaka mitano utajenga. Niliiweka chini ya lenzi. Zile za kweli ni kazi ya skrini, yaani kitambaa cha wavu kilichobanwa kwenye fremu, kila rangi na skrini yake, wino unasukumwa kwa mpira ukae juu ya karatasi, hata ukipapasa unausikia. Hii ilikuwa vidoti vidoti vya buluu na njano, karatasi nyororo kama kalenda, printa ya kawaida kabisa. Namba hamna, cheti hamna. Kama umeipenda itundike sebuleni, si dhambi, lakini lipa bei ya bango na fremu yake, usilipe bei ya kiwanja.

Na msidhani kule kila mtu ni mjanja. 2013 Banksy mwenyewe aliweka meza Central Park, New York, mzee mmoja akauza kwa niaba yake kazi za kweli kwa dola 60 kila moja, kutwa nzima zikapatikana dola 420, na mama mmoja alibembeleza hadi akapata mbili kwa nusu bei. Kama soko letu la Owino tupu!

Ila huyo msomaji angeuliza pia kwa nini mabango yetu wenyewe, yale ya Museveni na Bobi Wine na Gaddafi yanayouzwa barabarani bei ya rolex, ile chapati ya mayai, hamna anayeyawekea namba wala sahihi. Tunachapa mpaka wino uishe, kesho mvua inanyesha, yamekwisha. Mimi kuanzia kazi zijazo naandika namba kwa penseli chini kulia na nabaki na nakala moja kabatini, na wenzangu wananicheka sana.

Mchapaji, Nasser Road, Kampala