Mama, nimeona nikujibu kwa barua

Mama shikamoo. Bibi shikamoo. Na wewe mdogo wangu mambo vipi, najua ndo utawasomea barua hii kwaiyo usiruke ruke, soma yote mpaka mwisho, kuna sehemu yako.

Mimi mzima wa afya namshukuru Mungu. Kazi ya kuhudumia wazee inaendelea, wiki hii niko zamu ya asubuhi naamka saa kumi na nusu alfajiri, baridi ya Berlin imeshaanza kung'ata lakini lile koti nililokwambia nimeshanunua. Narudi nyumbani saa tisa mchana, napika, nalala kidogo, afu ndo nakaa na laptopu. Sasa Mama juzi kwenye simu uliniuliza hiyo laptopu kila siku unafanya nayo nini mwanangu, na mimi nikakwambia nasoma soma tu, salio likakata. Nimekaa nikaona hapana, hili jambo ni kubwa kwangu, nikueleze vizuri.

Najifunza kutengeneza programu za kompyuta. Lugha yenyewe inaitwa Python, ndio, jina la chatu, ila Mholanzi aliyeianzisha, Guido van Rossum, hakumfikiria nyoka, alichukua jina la kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Alianza kuiandika likizo ya Krismasi ya 1989, ikatoka 1991, na mpaka leo ni bure. Juu ya hiyo Python kuna kitu kinaitwa Django, herufi ya D haitamkwi, unasema Jango, hiki kinakurahisishia kutengeneza tovuti, walikibuni vijana waliokuwa wanafanya kazi kwenye gazeti la mji wa Lawrence huko Kansas Marekani, wakakitoa bure 2005. Programu za namna hii zinaitwa programu huria, yani mistari yote iliyoandikwa kuzitengeneza iko wazi, yeyote anaisoma, anaitumia, akiona kasoro anairekebisha, na marekebisho yake yakikaguliwa yakaonekana yako sawa yanaingia wanatumia watu dunia nzima. Mama mimi hilo lilinishangaza kuliko kompyuta yenyewe.

Lakini mwanzo wangu haukuwa mzuri na sikuwahi kukwambia. Kuna kundi nilijiunga la kujifunza mtandaoni, nikauliza swali langu la kwanza, mtu akanijibu soma maelekezo kwanza usitupotezee muda. Nilifunga laptopu miezi minne sikuigusa. Nilijiona sina akili ya mambo hayo, na umri huu, na Kijerumani changu cha kuunga unga.

Aliyenirudisha ni dada mmoja wa kazini, akaniambia kuna mafunzo ya siku moja ya wanawake ambao hawajui kitu kabisa, bure, yanaitwa Django Girls. Kumbe yalianzia hapa hapa Berlin mwaka 2014, wadada wawili wa Poland, Ola Sitarska na Ola Sendecka, ndo waliyaanzisha, sasa yamefika nchi nyingi. Nikaenda huku moyo unadunda. Wanakaa watu watatu na kocha mmoja. Meza yetu nilikuwa mimi, mama mmoja Mturuki na binti wa Syria. Mama, yule kocha siku nzima hakugusa kibodi yangu hata mara moja. Ukurasa wangu ulipokataa kufunguka yakatokea maandishi mengi ya kosa, mengi mno, mimi nikataka kuyafuta kwa aibu, yeye akaniambia usifute, hiyo ni barua umeandikiwa, ianzie chini. Nikasoma mstari wa chini, TemplateDoesNotExist, yani kuna faili inatafutwa haipo, na jina la faili limetajwa, post_list.html. Nikaangalia folda yangu, mimi nimeandika post_lits.html. Herufi mbili zimepishana! Nikarekebisha mwenyewe ukurasa ukafunguka, yule mama wa Kituruki akanipigia makofi.

Toka siku hiyo niko na hao watu wa Django. Wamenifundisha na namna ya kuuliza, useme ulitaka nini, ulifanya nini, kimetokea nini, unatumia toleo gani, na unakili maneno ya kosa yote usitume picha iliyokatwa. Ukiuliza hivo unakuta hata kabla hujatuma jibu umeshaliona. Na ukituma unajibiwa kistaarabu, wana kanuni za maadili zimeandikwa na wanazifuata kweli, mtu wa dharau anaambiwa.

Sasa sikiliza hii. Kwenye Django kuna faili ya mipangilio ina mstari wa lugha umeandikwa en-us, yani Kiingereza cha Marekani. Siku moja usiku nikafuta nikaandika sw, yani Kiswahili, nikabadilisha na saa nikaweka Africa/Dar_es_Salaam, nikafungua upya ukurasa wa admini, yani ule wa msimamizi wa tovuti. Kiswahili! Mama nililia peke yangu chumbani. Maana yake kuna mtu wa kwetu, simjui, alikaa akatafsiri maneno yale mstari kwa mstari bila kulipwa, ili mimi niyakute usiku ule. Nikaanza kufuatilia nikakuta hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, tangu 2004. Watu wamehangaika na lugha yetu muda mrefu.

Basi nikaamua nitengeneze daftari la kikoba chenu. Hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, vyote, ili mweka hazina asibebe tena yale makaratasi. Nikakwama sehemu ambayo sikutegemea kabisa, kwenye lugha yangu mwenyewe. Sentensi kwenye programu inaandikwa moja, jina la kitu linaingia baadaye. Nikaandika "imeongezwa". Kwenye faini sawa, faini imeongezwa. Nikija kwenye mkopo inasema "Mkopo imeongezwa", mwanachama ndo kabisa, "Mwanachama imeongezwa", kama kaongezwa mfuko wa sukari! Nikawauliza wenzangu wa Django. Mfaransa akasema hata kwao kuna kike na kiume kinawasumbua, Mpoland naye akaeleza ya kwao, nikawaambia nyie mna mawili matatu sisi ngeli ni nyingi, wakataka niwafundishe, tukakaa karibu saa nzima naeleza kitabu kimeanguka, mti umeanguka, mtoto ameanguka. Mwisho mmoja akauliza, je kitenzi kikiwa cha yule anayeandika badala ya kitu kilichoandikwa? Nikaandika "Umefanikiwa kuongeza", ukiweka mkopo inakubali, mwanachama inakubali, faini inakubali. Saa saba usiku hiyo na kesho yake zamu.

Mwezi uliopita nikatuma marekebisho yangu ya kwanza kwenye programu moja ya watu, mistari miwili tu ya maelezo iliyokuwa inachanganya. Asubuhi nakuta maoni saba. Nikajua yale ya zamani yamerudi. Nafungua, la kwanza linasema asante kwa kazi hii, mengine yote ni hapa weka hivi, na kila moja na sababu yake. Nilirekebisha siku tatu wakapokea. Jina langu liko kwenye orodha ya waliochangia, mdogo wangu atakuonyesha.

Na wewe mdogo wangu sehemu yako ndo hii. Novemba 2023 watu wa Django wa Afrika nzima walikutana Zanzibar, hapo ng'ambo tu ya maji kutoka Tanga, na sisi hatukujua! Weka Python kwenye ile kompyuta ya baba mdogo, fuata yale mafunzo yapo mtandaoni bure, na ukikwama niandikie, maneno yote ya kosa usinitumie picha.

Mama naomba unipigie picha kurasa za daftari la kikoba za mwezi huu, na uwaulize akina mama wenzako, wakiandika jina la mtu mpya kisha simu ikawaambia "Umefanikiwa kuongeza mwanachama", wanaelewa, au kuna namna nyingine mnavyosema kikaoni? Nitabadilisha kabla sijawatumia.

Nisalimie majirani wote. Hela ya dawa ya bibi nimetuma jana.

Mwanao, Berlin.