Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania): minara mingi, masafa yaleyale

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: MASHARTI YA KIUFUNDI KWA REDIO ZA FM ZINAZORUSHA MASAFA YALEYALE KUTOKA MINARA ZAIDI YA MMOJA

Nafasi ya FM ni finyu, kuanzia megahezi 87.5 hadi 108 basi. Redio inayotaka kumfuata msikilizaji wake kutoka Dar es Salaam hadi Iringa huhitaji masafa mengine kila inapovuka milima. Dawa ipo: minara yote irushe masafa yaleyale kwa pamoja. Ufaransa wanafanya hivyo kwenye barabara zao za kulipia kwa 107.7, na Italia wana Isoradio kwa 103.3. Hatuna ugomvi na wazo hilo. Ombi letu ni kwamba mwombaji asipewe kibali kwa kuwa tu ameandika kwenye fomu kuwa mitambo yake "imefungwa na GPS", yaani inafuata saa ya setilaiti. Hiyo ni sehemu rahisi ya kazi.

GPS inaipa kila eksaita (kifaa kinachozalisha wimbi la redio mnarani) alama ya megahezi 10 ili minara isiachane masafa. Bila hiyo, kristali mbili nzuri za kutengeneza masafa, zenye kosa la sehemu moja kwa milioni, moja juu na nyingine chini, zikiwa kwenye megahezi 100 zitaachana kwa hezi 200, na mngurumo utasikika. Ukishaifunga, mngurumo unaisha. Lakini mahali ambapo minara miwili inasikika kwa nguvu sawa hubaki mashimo, yaani sehemu ambazo mawimbi mawili yanauana, moja kila mita 1.5 hivi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mashimo kama 15 kila sekunde. Shimo lenyewe halidhuru sana, mradi minara yote miwili inasema kitu kilekile kwa wakati uleule. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Chukua minara miwili iliyoachana kilomita 60, antena na urefu sawa, A ina kilowati 1 na B kilowati 2. Nguvu zinalingana kama kilomita 25 kutoka A na 35 kutoka B, si katikati. Wimbi linachukua maikrosekunde 3.3 kwa kilomita, kwa hiyo hapo la A linafika maikrosekunde 33 kabla ya la B. Kwa mlio wa kilohezi 1 uliojaza kilohezi 75 zote ambazo wimbi la FM huyumba juu na chini, tofauti hiyo ndogo inayaachanisha mawimbi mawili kwa kilohezi 15 hivi katika nukta fulani za mlio, na spika inakwaruza. Pailoti ya sterio, yaani mlio wa kilohezi 19 unaoiongoza redio kutenganisha kushoto na kulia, inakuwa imepishana zaidi ya nusu ya mzunguko. Dawa ni kuichelewesha A kwa maikrosekunde 33. Anayepiga hesabu kwa rula katikati ya ramani atasafisha sauti mahali ambapo haikuwa na tatizo.

Wapo watakaosema mbona televisheni ya kidijitali inaweza. Mfumo wake wa DVB-T2 huacha nafasi ya ulinzi baina ya alama zake, ambamo wimbi lililochelewa halidhuru, na katika mpangilio mmojawapo inafika maikrosekunde 448, yaani zaidi ya kilomita 130. FM haina nafasi hiyo hata kidogo.

Halafu kuna sauti yenyewe. Limita (kibana sauti), koda ya sterio na RDS (data ya jina la kituo) viwe studio, kimoja kimoja, na mawimbi yaliyokwisha kuchanganywa yapelekwe kidijitali kwenye kila mnara. Kila pakiti igongwe muhuri wa saa ya GPS, na minara yote iifungue kwa nukta ileile, tuseme nusu sekunde baadaye, ili pakiti zilizochelewa njiani zipate muda wa kufika. Limita ikiwekwa kwenye kila mnara, kila moja itabana sauti kivyake na kazi yote imeharibika. Hata kiwango cha modulesheni, yaani kiasi ambacho sauti inaliyumbisha wimbi, kikitofautiana kwa nusu desibeli tu, kwenye vilele mawimbi yanaachana kwa zaidi ya kilohezi 4. Kilinganishwe hadi sehemu ya kumi ya desibeli.

Kosa linaloponza mitandao mizuri ni la usiku: eksaita inaungua, fundi anachomeka ya akiba ya kampuni nyingine, taa zinawaka kijani, anarudi kulala. Kila aina ya eksaita ina ucheleweshaji wake wa ndani, na tofauti inaweza kuwa milisekunde nzima. Kwa hiyo ya akiba ipimwe siku ileile na ile kuu, na namba ya ucheleweshaji wake ibandikwe mlangoni.

GPS nayo hupotea, radi ikipiga antena au kebo ikiingia maji. Hapo mnara hubaki na oskileta yake, yaani saa ya ndani, na yenye kosa la sehemu moja kwa bilioni hukimbia maikrosekunde 3.6 kila saa. Leseni itamke wazi: saa ikipotoka zaidi ya maikrosekunde 2, mtambo ujizime wenyewe. Mnara uliozimika unamnyima sauti msikilizaji wake mmoja, lakini uliopotea wakati unamharibia na wa jirani.

Tunaomba pia mwombaji aonyeshe kwenye ramani mahali minara yake inapokutana, na apendelee pasipo na makazi. Kwa njia ya Iringa, kipande kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi kinafaa kuliko Morogoro mjini. Kisha aendeshe gari pale, azime mnara mmoja mmoja na kurekodi nguvu za kila mmoja, awashe yote na kurekodi sauti, kwanza mono, halafu sterio. Popote tofauti ya nguvu ilipo chini ya desibeli 6 na sterio inakwaruza, aruhusiwe mono tu hadi arekebishe. Rekodi hizo ziambatanishwe na maombi, na zirudiwe kila eksaita au antena inapobadilishwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi wa mitambo ya redio