Jengo la Mjerumani halikuhitaji viyoyozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu ukarabati wa majengo ya zamani hapa Tabora. Nilikuwa karani kwa miaka kumi na tisa katika mojawapo ya majengo ya Mjerumani. Hata Oktoba, jua likiwa la utosi, hatukuwa na feni. Kuta zile ni nene, joto la mchana linachelewa kupenya mpaka jua linazama. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku unapoa, na hewa ikipita kwenye luva za mbao na matundu yaliyo chini ya dari, asubuhi tulikuta ofisi ina ubaridi.

Mwezi uliopita nilirudi kufuatilia karatasi zangu za pensheni. Luva zimeng'olewa, kuna madirisha ya alumini ambayo nusu tu hufunguka. Matundu yamezibwa kwa jipsamu. Viyoyozi vinanguruma. Nikiwa kwenye foleni, umeme wa luku ukaisha. Haikuchukua muda, wote tukahamia barazani, mhudumu na mhudumiwa.

Kinachoniuma zaidi ni plasta. Kuta zilikuwa za chokaa, nayo chokaa huacha unyevu wa ardhini utoke. Sasa zimepigwa saruji na rangi ya mafuta, unyevu umekosa njia. Usawa wa goti rangi imevimba malengelenge. Niligonga kwa kidole, ukuta ukalia kama debe tupu. Nilipobonyeza, chokaa ya zamani ikamwagika kama unga.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya Mjerumani hayamo (reli yenyewe ilifika hapa 1912) mpaka Waziri ayatangaze. Namwomba ayatangaze.

Na kabla ya zabuni nyingine, luva zirudishwe, matundu yazibuliwe, saruji ibanduliwe taratibu na chokaa ipigwe upya na fundi anayeijua. Balbu za umeme mdogo na sola upande wa nyuma wa paa, hayo nayaunga mkono kabisa. Wahandisi nao waende kwanza Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe lililojengwa upya pale alipokaa Livingstone mwaka 1872. Waingie saa saba mchana, wakae ndani ya zile kuta za udongo dakika kumi tu, ndipo waanze kuchora.

Karani mstaafu,
Tabora