Barua ya malalamiko: seramu "iliyoondolewa vesikeli" ambayo bado inazo

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SERAMU YA KIJUSI CHA NG'OMBE ILIYOUZWA KAMA ISIYO NA VESIKELI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na mada tajwa hapo juu.

Maabara yetu hukuza seli za binadamu na kukusanya vesikeli zinazoitwa za nje ya seli, yaani vifuko vidogo vyenye utando wa mafuta ambavyo seli huviachia kwenye kimiminika kinachozilisha. Vingi havifiki nanomita 200. Seramu ya ng'ombe, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ndiyo kikwazo katika kazi hii, maana seli nyingi hazistawi bila hiyo, na yenyewe imesheheni vesikeli za ng'ombe. Ndiyo sababu tulikubali kulipa bei ya juu kwa seramu yenu ambayo lebo yake inadai vesikeli zimeondolewa.

Kabla ya kuamini matokeo yoyote tuliandaa chupa isiyo na seli hata moja. Iliwekwa kimiminika kilekile chenye asilimia 10 ya seramu yenu, ikakaa kwenye inkubeta muda uleule, kisha ikapita hatua zilezile za sentrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi: 300 g, 2,000 g, 10,000 g na mwisho 100,000 g (g moja ni nguvu ya mvutano wa dunia). Hapo tulitarajia kupata karibu na patupu. Badala yake tulipata mashapo yanayoonekana kwa macho, na idadi ya chembe ikakaribia ile ya chupa zenye seli. Chini ya darubini ya elektroni vikaonekana vifuko vyenye utando, vya umbo la kikombe (umbo hilo huletwa na kukausha sampuli, tunalijua).

Tulipowaeleza hayo, mtaalamu wenu alijibu kwamba mashine ya kuhesabu chembe haitofautishi vesikeli na lipoprotini (chembe zinazobeba mafuta kwenye damu) wala mabonge ya protini. Ni kweli kabisa. Lakini cheti chenu cha ubora kinathibitisha usafi wa seramu kwa mashine ya aina hiyohiyo! Ikiwa kipimo hicho hakitoshi kuwashtaki, kinatoshaje kuwatetea? Alishauri pia tukuze seli bila seramu. Seli zikinyimwa seramu hubadilisha vesikeli zinazotoa, na zile zinazokufa humwaga mabaki yake humohumo, kwa hiyo tungekuwa tumeruka mkojo na kukanyaga mavi. Na kuhusu kauli yake kwamba hakuna mteja mwingine aliyelalamika, tungependa kujua ni wangapi kati yao wamewahi kupima chupa tupu.

Hasara yetu kubwa iko kwenye RNA. MaikroRNA nyingi za ng'ombe, yaani vipande vifupi vya RNA vinavyodhibiti jeni, zina mfuatano uleule na za binadamu, na baadhi, kama miR-122 na miR-451a, zimejaa kwenye seramu. Kisomaji cha mfuatano hakiwezi kutuambia ipi ilitoka kwa nani. Sampuli zote tulizokuza kwa toleo hili la seramu yenu zimesimamishwa.

Hatudai usafi wa asilimia mia. Anayejua kazi hii anajua kwamba hata seramu ikizungushwa usiku kucha kwa 100,000 g kuna kinachobaki, hasa isipozimuliwa kwanza, kwa sababu unato wake huzichelewesha vesikeli kushuka. Tunachodai ni kuambiwa kimebaki nini. Miongozo ya kimataifa ya utafiti wa vesikeli, MISEV, ya mwaka 2018 na ya 2023 inawataka watafiti waeleze seramu ilisafishwaje, nanyi mmetuandikia kwamba njia yenu ni siri ya biashara. Siri hiyo hatuwezi kuiandika kwenye makala. Kama mlitumia polima ya kugandisha vesikeli, ndiyo mbaya zaidi, kwani mabaki yake nayo yanaingia kwenye sampuli zetu.

Kwa hiyo tunaomba mturudishie fedha za toleo lote, mtupe kwa maandishi njia mliyotumia pamoja na vipimo vya toleo hili, vikiwemo vya CD63 na CD81 (protini zinazotambulisha vesikeli) na apolipoprotini (protini za lipoprotini), na mrekebishe lebo ionyeshe kiasi kilichobaki kwa kila mililita. Chupa ambazo hazijafunguliwa bado ziko kwenye friza. Mkitaka kuzipima wenyewe, tumeni mtu azichukue zikiwa zimeganda. Grafu, picha za darubini na nakala ya ankara vimeambatishwa.

Tunatarajia majibu yenu ndani ya siku 14. Yasipofika, tutaliwasilisha suala hili kwa idara yetu ya ununuzi, ambayo ndiyo huamua nani aendelee kutuuzia.

Wako mwaminifu,

Msimamizi wa maabara ya ukuzaji wa seli