Mwanangu, umeijaribu kwa sura ya nani?

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka, na mdogo wako anahudhuria masomo ya jioni bila kusukumwa. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanijibu "sawa baba" kabla sijafika katikati, na jambo hili nataka ulisome lote kabla hujapanda treni ya Dodoma Jumatatu.

Ile picha ya mama yako uliyoituma kwenye kundi la familia, kitambaa cha bluu kimeondoka na nyuma pamebaki peupe pe, nimeichapa na kuibandika ukutani studio. Kila mteja anayeingia namwonyesha. Namwambia hii kaifanya binti yangu, hakukata kwa mkasi wala kufuta kidogo kidogo, kaandika programu ya mistari 14 kwa lugha ya Python akaiachia kompyuta. Mimi nimewakata watu kutoka kwenye vitambaa kwa miaka 31, najua uzito wa kazi uliyoifanya. Nimejivuna na bado najivuna.

Lakini ulivyosema ofisi unayokwenda kufanyia fildi inataka programu hiyo hiyo ipitishe picha 4,000 za vitambulisho vya wanafunzi, usingizi ulinikata. Nilikuuliza umeijaribu kwa sura ya nani. Ukanijibu, "Mbona inafanya kazi, baba." Inafanya kazi kwa mama yako. Mimi niliuliza kwa sura ya nani.

Basi nikawasha ile laptopu uliyoniachia, nikatafuta picha ya shangazi yako niliyompiga mwaka jana kwa ajili ya pasipoti, kitambaa kile kile, taa zile zile. Nikaiendesha programu yako. Shangazi yako alitoka hana sikio la kushoto. Shingoni ametobolewa vitobo vyeupe kama nguo iliyoliwa na nondo, na nywele zimebaki mabaka. Kwanza nilidhani nimekosea mimi. Nikarudia. Akatoka vile vile. Sikumwonyesha mama yako, na shangazi mwenyewe sitamwonyesha kamwe.

Siku mbili nimekaa na sharti lako. Umeandika: kama bluu ni kubwa kuliko nyekundu na kuliko kijani, weka nyeupe, vinginevyo acha ilivyo. Ukilisoma kwa mdomo halina kosa. Nikafungua pikseli moja moja, vile vidoti vya rangi vinavyounda picha, kama ulivyonifundisha likizo ile. Shavu la mama yako ni nyekundu 214, kijani 162, bluu 138. Hapo bluu iko chini ya nyekundu kwa 76, hata taa ikicheza kidogo haitaifikia. Kitambaa ni 40, 95, 190, nacho hakina shaka. Sasa tazama sikio la shangazi yako: 41, 36, 44. Bluu imezidi nyekundu kwa 3. Tatu tu, mwanangu! Na hizo tatu si za ngozi yake, ni mwanga uliogonga kitambaa ukamrudia shingoni na masikioni, maana nilimkalisha karibu mno na ukuta. Kwa mtu mweupe mwanga huo hupotea ndani ya namba kubwa. Kwa mtu mweusi namba zote tatu ni ndogo na zimebanana, kwa hiyo chembe ya bluu inatosha kulifanya sharti liseme ndiyo. Na kompyuta haina "karibu." Kubwa kwa 3 na kubwa kwa 150, kwake yote ni kubwa.

Picha yako ni pikseli 600 kwa 600. Maana yake swali lako linaulizwa mara 360,000 kwa kila mtoto, na hakuna hata mara moja inayosita. Mimi nikiwa na mkasi nilikuwa nasita.

Nilijaribu kulirekebisha. Niliweka kwamba bluu iizidi nyekundu kwa angalau 60. Sikio la shangazi likarudi, nikashukuru, lakini kitambaa kikabaki na michirizi, kwa sababu kwenye mikunjo yenye kivuli namba zake ni 12, 30, 58, tofauti 46 tu. Nikashusha hadi 40. Michirizi ikaondoka na sikio likabaki mahali pake. Sasa usiichukue 40 yangu ukaiweka kama ilivyo, ni 40 ya studio yangu na taa zangu. Ya Dodoma utaipata kwa kuzitazama picha za Dodoma. Jaribu pia bluu iwe mara mbili ya nyekundu badala ya kupima tofauti. Kwenye kivuli ilinifaa zaidi, ila ndani ya nywele nyeusi kabisa, penye namba kama 3, 2, 7, inadanganya, kwa hiyo iunge kwa "na" na sharti jingine kwamba bluu isiwe chini ya 50. Unayajua haya ya "na" na "au" kuliko mimi. Ninachojua mimi ni sikio la mtu.

Halafu kuna mitandio. Shule ngapi wasichana wanavaa mtandio wa bluu? Hapo hakuna namba itakayokuokoa, bluu ya mtandio na bluu ya ukuta kwa sharti lako ni kitu kimoja, na mtoto atatoka uso unaelea. Mimi nina kitambaa cha pili cha kijivu kwa ajili ya hao. Waambie ofisini. Ukiona aibu kuwaambia kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa fildi, sema baba yangu ni mpiga picha, kaniagiza.

Ulinisimulia habari za yule Mmarekani, Russell Kirsch, aliyeingiza picha kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Nimeifikiria sana. Picha ya sentimita 5 kwa 5, pikseli 176 kwa 176, na kila moja ilikuwa nyeusi au nyeupe basi, hakuna katikati, yaani sharti moja: mwanga ukivuka kipimo hiki, nyeupe, usipovuka, nyeusi. Wakalazimika kupitisha picha hiyo zaidi ya mara moja kwa vipimo tofauti ndipo wakapata kijivu. Na sura aliyoijaribia ilikuwa ya mwanawe Walden, wa miezi mitatu. Uliponisimulia nilifurahi tu kwamba alikuwa baba. Sasa naona jambo jingine. Kila mtu hujaribu kwanza kwa sura aliyonayo karibu, na wewe ulikuwa na ya mama yako. Sikulaumu kwa hilo. Nakulaumu kwa kuishia hapo.

Kwenye maabara ya rangi niliyojifunzia kazi, mashine ilipangwa kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke wa Kizungu. Mafundi wa nchi za nje waliziita kadi hizo Shirley, kwa jina la aliyepigwa kwanza. Akitoka vizuri yeye, mashine iko sawa, kazi iendelee. Hilo nalo lilikuwa sharti, ila halikuandikwa popote. Tukachapa harusi za watu weusi kwa mizani hiyo, bibi harusi gauni linang'aa na uso haujulikani, mteja akilalamika tunamwambia ulikuwa kivulini. Nilisema hivyo mara nyingi. Ndiyo maana nakuuliza kwa sura ya nani, na nitakuuliza tena ukifika.

Ile picha ya darasa lenu la saba unaijua, sina haja ya kukusimulia. Niseme tu kwamba hukusogea, ingawa nilikuambia ulisogea. Mstari wa mbele mashati yalikuwa meupe, nami nilipima mwanga wa mashati, nyuso zikaingia giza.

Tuendelee. Usiandike juu ya picha asili, kila unachokitoa kihifadhi kwa jina jipya kwenye folda nyingine, na folda ya asili usiiguse mpaka vitambulisho vimepokelewa. Kabla ya zote 4,000 toa 100, uzichague kwa mkono, na kati ya hizo 100 nusu wawe weusi kama mimi na wewe. Uzitazame zote. Usitazame tano za kwanza ukaridhika, maana nakufahamu, hata mchele ulikuwa unachambua sahani ya juu tu.

Hivi kwa nini Idd hukuja? Umesema mitihani, sawa. Lakini mama yako alikupikia, na sahani yako ilifunikwa hadi usiku. Mpigie, na umpigie yeye, usipige kwangu ukaniomba nimpe simu. Bati la jikoni bado linavuja pale pale, fundi amechukua nusu ya hela na haonekani tangu juzi. Mnazi wa nyuma tumeukata. Cherehani nimeitengenezesha, sasa mama yako anashona sare za jirani na hela yake ya dawa anaipata mwenyewe, ila miwani hataki kununua. Ukimwambia wewe atasikia. Dodoma miezi hii kuna baridi ya asubuhi na upepo, usidanganyike na jua la mchana. Sweta la kijivu liko kwenye kifurushi, pamoja na kisamvu kilichokaushwa.

Ndani ya kifurushi hicho, kwenye soksi, kuna flashi ya kompyuta. Nimeweka picha 43 za wateja walioniruhusu, nimewaomba mmoja mmoja. Wapo mabaharia, yupo mama muuza samaki ambaye kamera yangu ya kwanza ilishindwa kumpata, wapo watoto wawili wenye ualbino ambao kwao kosa linaweza kutokea kwa namna nyingine kabisa usiyoitegemea, hasa ukibadilisha kitambaa kuwa cheupe. Picha ya shangazi yako ni namba 1. Anza na hiyo. Ukiona sikio lake zima, nitumie.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la saa 12 asubuhi, namba yake ya simu nitakutumia. Mlipe elfu mbili, nyingine nimeshampa.

Ni mimi baba yako,
Tanga