Ukija Desemba, upande meli ya usiku

Bukavu, Jumapili, 17 Novemba 2024

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa yule kijana wa parokia, imekunjwa mara nne na inanukia sabuni, nikajua imesafiri katikati ya nguo. Asante kwa picha. Naona Lubumbashi imekunenepesha. Bukari yenu ya mahindi ina kazi yake. Sisi huku bado tuko na bugali ya muhogo, ile uliyokuwa unaivuta kama mpira ukituchekesha mezani. Sijui kama tumbo lako litaikumbuka.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, ukishuka kwenye uwanja wa ndege wa Goma mwezi wa kumi na mbili, upande chombo gani cha Ziwa Kivu kuja Bukavu. La pili, watu wamekwambia kwamba siku hizi naishi majini kuliko nyumbani, na unataka kujua bwana na watoto wanakula nini. Nianze na la chombo. La pili lina aibu ndani yake, acha nijikaze kwanza.

Kuna kanoti, ile boti ya kasi. Masaa mawili na nusu au matatu umeshafika, unakaa kwenye kiti kama cha ndege, mbele yako televisheni inapiga kelele, na jirani yako ni mtu wa ofisi mwenye kompyuta magotini. Mimi naipanda kukiwa na msiba tu. Nauli yake inameza faida ya jibini karibu yote, na kanoti haipandi wimbi, inalipiga. Ukishuka, kiuno kinakwambia kila wimbi ulilovuka. Tena mzigo wanaokuruhusu ni wa mtu asiyefanya biashara. Mimi narudi na magurudumu ya jibini ya Masisi na gunia la vitunguu, nikiwa na bahati na viazi pia. Nani atanipokea huko?

Kwa hiyo mimi ni mtu wa meli ya usiku. Inang'oa nanga giza likiingia na kufika alfajiri. Juzi nilikaa nikahesabu: safari mbili kila mwezi, kwenda na kurudi, miaka kumi na moja sasa. Ni zaidi ya usiku mia tano juu ya maji. Nilipomwambia bwana yangu hesabu hiyo alivua miwani yake akaifuta, halafu hakusema kitu.

Sasa sikiliza, kwa sababu meli ya usiku ina ujanja wake. Chini kabisa ni mizigo na mbuzi. Katikati ni mabenchi, na ndiko kelele iliko: watoto, wauza mayai ya kuchemsha, wahubiri, walevi. Juu kuna vyumba vya kulala. Mgeni hukimbilia chumba akidhani amenunua usingizi. Usidanganyike. Vyumba vingi vinapakana na bomba la moshi, utaamka kichwa kinauma na nywele zinanuka mazutu ya injini. Mimi nachukua nafasi ya juu upande wa nyuma, mahali ukuta wa vyumba unapozuia upepo. Pale naweka mkeka, begi linakuwa mto, na mama wawili watatu wa soko la Kadutu wananizunguka. Tunajuana, anayelala analindiwa mzigo wake.

Chukua blanketi. Usicheke. Ukitoka kwenu mwezi huo ni joto na mvua, utadhani ziwa ni kama ufukwe wa kwenye televisheni. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na saa nane za usiku baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Blanketi, soksi, termosi ya chai, tochi ndogo, na tiketi yako uiweke kifuani, usiweke kwenye begi. Nimeona wanawake wakilia bandarini kwa sababu ya begi.

Hizo namba za ziwa sikuzitafuta mimi. Unamkumbuka bwana yangu, bado anafundisha jiografia. Anajua kila kitu cha ziwa hili, na ndiyo maana hajawahi kupanda chombo chake hata kimoja. Anakwambia kina chake kinakaribia mita 480. Anakwambia huko chini kuna gesi imelala, ya kaboni na ya methani, nyingi mno. Halafu lazima akuletee habari ya lile ziwa la Kameruni, Nyos, lililotema gesi yake mwaka 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja, na Nyos ni dimbwi tu ukililinganisha na Kivu. Anasema mimi kila wiki mbili nakwenda kulala juu ya chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Mimi namjibu kwamba majirani wa Rwanda wanaifungua polepole, tangu 2016 wanapikia umeme kwa gesi hiyo upande wa Karongi, na soda haijawamwagikia. Anasema nisubiri. Ndoa yetu ina miaka ishirini na mbili na mjadala huu una kumi na mmoja.

Lakini tarehe 3 Oktoba hatukujadiliana. Habari najua ilifika mpaka kwenu: chombo kilichotoka Minova kikazama mbele ya bandari ya Kituku, hapo Goma, karibu kabisa na kufika, ndugu za watu wamesimama pale ufukoni wakiwasubiri, wanaona kwa macho. Mimi nilikuwa hapa Bukavu napanga vitenge. Simu ya mdogo wangu wa Goma ilipoita sikuelewa maneno, nilisikia kilio tu. Zamani watu wa Minova walipanda gari, wakapita Sake, wakaingia Goma. Vita ilipofunga barabara ile, watu wote na magunia yote vikahamia majini, na vyombo ni vile vile vya jana. Kilichobaki unaweza kukimalizia mwenyewe. Mambo mengine ya vita siyaandiki hapa.

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu. Nikifika bandarini sipandi kwanza. Nasimama pembeni naangalia ubavu wa meli, pale rangi inapobadilika karibu na maji. Rangi ya chini ikionekana, napanda. Maji yakiwa yameimeza, narudi. Nikipanda, naomba jile yangu, ile fulana ya kuokolea majini, kabla sijatandika mkeka, naivaa, nafunga kamba zote, nalala nayo. Vijana wa meli wananiita mama jile. Waniite. Miaka kumi yote jile ilikuwa mto wangu, na wa karibu kila abiria. Wengine waliikalia ili wasichafue sketi.

Sasa tuje nyumbani.

Unajua jinsi nilivyokuwa. Kesho yake nasafiri, leo silali. Naanza na sombe, majani yetu ya muhogo: kutwanga mwenyewe, si ile ya mashine ya sokoni inayotoka kama matope, halafu kuiacha juu ya moto wa makala masaa na masaa mpaka mafuta yapande juu. Sufuria kubwa, ya kuwatosha siku tatu. Nafunika, naweka jiwe juu ya kifuniko, nampa kifungua mimba wetu maelekezo: hii ya mchana, hii ya jioni, msiongeze chumvi. Ndipo naondoka, nimechoka tayari kabla ya bandari, lakini moyo mweupe. Nilikuwa najiambia: mama anaweza kuwa majini na mkono wake ukabaki mezani.

Na jirani yetu, yule mama mjane wa nyumba yenye mabati mekundu, kila nikirudi alikuwa ananisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida. "Mama, asante sana, Mungu akuzidishie." Nikawa najibu amina. Miaka na miaka, amina. Nilidhani ni mtu wa sala tu.

Basi wiki ya tatu ya Oktoba nikateremka bandarini na vitenge vyangu, tiketi nimeshalipa. Nikasimama pembeni kama nilivyokueleza. Meli ilikuwa imepakia saruji, halafu maharage, halafu saruji tena, na maji yanalamba mahali ambapo sijawahi kuona yanafika. Nikamwuliza kijana wa tiketi: hii inaondoka hivi? Akasema mama, hii imetulia, mzigo ndio unaoituliza. Nikamwomba makuta yangu, ile nauli. Akacheka. Nikaacha makuta, nikambebesha kijana mwingine mzigo wangu mpaka barabarani, nikapanda pikipiki, nikarudi. (Ilifika salama, meli hiyo. Bwana hakunikumbusha hata mara moja, nami namshukuru kwa hilo.)

Nikafika nyumbani saa mbili usiku. Kutoka kwenye ngazi nasikia redio, sauti juu kabisa, sebene. Nikadhani nimekosea mlango. Naingia kwa mlango wa jikoni: bwana yangu, mwalimu wa jiografia, amevua shati, amejifunga kitenge changu cha zamani kiunoni, anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mafuta yanaruka, pilipili imejaa hewani, watoto wanapiga chafya huku wanacheza. Mezani viazi vya kukaanga, mayai, na parachichi limekatwa vizuri kama la hoteli. Kitinda mimba amekaa juu ya meza. Juu ya meza, dada, mtoto ambaye mbele yangu hajui hata kuweka kiwiko hapo.

Nikauliza: sombe iko wapi?

Kimya. Redio peke yake ndiyo ilikuwa haijaniona. Kifungua mimba akaangalia baba yake, baba yake akaangalia sambaza. Mwishowe kitinda mimba akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo dunia nzima inalijua: "Sombe tunampelekea mama wa mabati mekundu. Kila siku tunampelekea."

Miaka kumi na moja. Sufuria mbili kila mwezi. Nimemlisha mjane yule kuliko serikali.

Nilikaa. Bwana akanipa sahani bila neno, nikala. Sambaza zilikuwa tamu, hilo nalo liliniudhi. Watoto walipolala akaniambia wote hawapendi sombe ya siku ya pili, inawachosha, ila waliniona navyotwanga usiku hawakuwa na moyo wa kusema. Na kwamba usiku ninapokuwa ziwani yeye halali mpaka simu ya alfajiri. Kupika na muziki ndiyo njia yake ya kutohesabu zile mita 480. Hapo sikuwa na jibu, dada. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika mpaka Jumatatu.

Safari iliyofuata sikutwanga kitu. Nililala kama mtu, nikaamka nimepumzika. Asubuhi yake, ninafunga mzigo, mama wa mabati mekundu akabisha hodi, uso una wasiwasi: alikuja kuuliza kama ninaumwa. Kwa hiyo sombe imerudi, ila sasa ni sufuria ndogo, na inatoka kwangu moja kwa moja kwenda kwake, ikiwa moto.

Nirudi kwenye safari yako. Mpango ni huu: mimi nitakuja Goma mwenyewe kukupokea, usitafute chombo peke yako. Tutanunua nafasi mbili za juu, nyuma. Jioni tukitoka, angalia nyuma upande wa Nyiragongo. Zamani mlima ulikuwa mwekundu karibu kila usiku, tangu ulipolipuka Mei 2021 haueleweki, usiku mwingine unawaka, mwingine hakuna kitu. Baadaye utaona taa majini, nyingi, utadhani ni mji umejengwa pale. Ni wavuvi wa sambaza, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaita samaki. Bwana anasema sambaza si wa ziwa hili, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wamezoea, nawe ulizoea Lubumbashi. Kisiwa cha Idjwi utakipita umelala, ni ukuta mweusi tu. Lakini alfajiri nitakuamsha, utake usitake, uione Bukavu ikitokea na vidole vyake vitano ndani ya maji, na moshi wa makala ukipanda kila kilima kwa wakati mmoja.

Ila nikisimama pembeni nikaona maji yameimeza rangi, hatupandi, na usinibishie mbele ya watu. Tutalala kwa mdogo wangu, mtaa wa Himbi. Nyumba yake sasa ina familia nzima iliyokimbia kutoka Sake, watu saba sebuleni, kwa hiyo lile blanketi utalihitaji hata nchi kavu.

Niletee kikanda, kile cha mizizi na karanga, kipande kikubwa, kifunge vizuri kwenye jani. Watoto hawajawahi kukionja na baba yao amewaambia ni nyama ya kuotesha ardhini, sasa wanabishana. Na nitumie ujumbe wa tarehe mapema, si siku mbili kabla kama ile ya mwaka ule wa harusi.

Salimia shemeji na watoto wote. Mama mukwe anasema bado unadaiwa kikapu chake.

Ni mimi mdogo wako, wa kule Nguba